Tonge la Mwenye Alifika Mbele

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa tatu na nusu asubuhi, Kambo aliponiambia nifunge mlango wa chumba. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sasa nina kumi na saba, na pengine yote haya yangebaki yamelala kama wiki iliyopita nisingepita kwa basi mbele ya ule ukumbi wa parokia na kuona wameugeuza jimu. Watu wanakimbia juu ya mashine pale pale tulipokuwa tunapanga meza. Nilibandika uso kwenye kioo mpaka nikapitiliza kituo changu.

Ngoja nikueleze kwanza Kambo ni nani. Kwetu Lubumbashi, kambo ni mzazi wa mzazi wako, awe mwanamke au mwanaume. Huyu wangu ni mama wa mama yangu. Yeye na mume wake, tuliambiwa siku zote, ndio wa kwanza wa ukoo wetu kufika Brussels, enzi ambazo ukiona mtu mweusi ng'ambo ya barabara unavuka kwenda kumsalimia, hata kama umechelewa. Babu alikuja kusoma umeme. Walikuja na mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miaka mitano, ambaye sisi tunamwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Wengine, Tante aliye dada mkubwa wa mama, mama mwenyewe na wadogo zao, walizaliwa hapa. Kutoka kwa hao tumejaa sasa: Liège, Namur, mpaka Lille upande wa Ufaransa.

Kila mwaka, katika mwezi ule walipofika, ukoo mzima ulikutana. Tuliiita Siku ya Semoule. Hadithi yake ni kwamba baridi ile ya kwanza hawakujua duka lolote lenye unga wa mahindi, wakasonga bukari kwa semoule, ule unga wa ngano wa chengachenga. Ugali wa semoule, fikiria. Basi kila mwaka, kabla ya sombe ya majani ya muhogo, kabla ya samaki, kabla ya kikanda cha mizizi ya porini ambacho Tante hukipika siku mbili na harufu yake ya karanga na pilipili inakutekenya pua tangu mlangoni, kila mtu alipaswa kumeza kwanza tonge la semoule lenye chumvi, na kipande cha sardini ya kopo juu yake. Kitu kibaya kweli. Kinanata kwenye meno, hakina ladha ya kitu chochote. Lakini hakuna aliyegusa sahani nyingine kabla ya kukimeza. Hata wakwe wazungu walimeza, wakasema ni kitamu, tukawacheka.

Na tonge la kwanza lilikuwa na utaratibu wake. Msichana wa ukoo hulibeba kwenye sahani ya bati iliyokuja ndani ya sanduku la Kambo, anapiga goti mbele ya mtu wa kwanza, anasema kwa sauti, "Mwenye alifika mbele, akule mbele," yaani aliyetangulia kufika atangulie kula. Ukumbi mzima unajibu, "Akule!" Miaka mingi aliyefanya hivyo alikuwa binamu yangu mkubwa. Kiangazi kile aliolewa. Zamu ikawa yangu.

Mimi, nikwambie ukweli, ni mtu wa haya. Siyo haya za kuinamisha kichwa ukisifiwa. Haya za kuvuka barabara nisikutane na mwalimu. Darasani nikiitwa, sauti inaingia ndani kama konokono. Maneno yale matano nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni wiki nzima, nimefungua bomba maji yamwagike ili mama asinisikie.

Basi, asubuhi ile nilikuwa namfunga Kambo kitambaa cha kichwa. Tulilala chumba kimoja, mimi na yeye, kule Woluwe, karibu na hospitali ambako mama anahudumia wagonjwa. Nilikuwa nimeshika pini kwa meno.

"Funga mulango," akasema. Nikafunga.

"Leo kuko mugeni. Mwanamuke muzee, atavaa kofia ya nyuzi. Tonge ya mbele utapatia yeye. Hapana mimi."

Nikatoa pini mdomoni. "Mais Kambo, wewe njo mwenye alifika mbele." Yaani, lakini wewe ndiye.

"Nani alikuambia?"

"Batu bote."

"Bon. Batu bote. Vuta huku, kinalegea."

Nikavuta. Nikamuuliza kama Tonton anajua. Akasema Tonton atajua akiona. Halafu akaniomba viatu vyake vya kahawia.

Ukumbini Tonton alikuwa juu ya ngazi anatundika vitambaa. Inabidi nikwambie kitu kuhusu Tonton. Baba yangu hayumo katika maisha yetu. Aliyenifundisha baiskeli kwenye bustani ya Cinquantenaire, akikimbia nyuma yangu na viatu vya ofisi, ni yeye. Aliyekuja shuleni mama akiwa zamu, ni yeye. Aliponiona akapiga kelele toka juu: "Mama mubalozi! Sauti iko wapi? Umeisahau ku tram?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Jikoni Tante, dada yake, alikuwa ameshika utawala. "Ongeza maji! Hii semoule inakunywaka maji sawa batonton yako banakunywaka bia." Mama alikuwa anakatakata vitunguu. Mimi nikapewa mwiko. Semoule si kama mahindi. Mahindi yanakupa nafasi ya kupumua. Semoule ukigeuka kidogo imeshakuwa saruji.

Mgeni alifika karibu na adhuhuri. Nilimwona kupitia dirisha dogo la jikoni la kupitishia sahani. Alikuwa mdogo wa mwili, koti la kijivu limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia ya nyuzi, mfuko wa plastiki mkononi. Alisimama mlangoni akifuta viatu kwenye zulia, akafuta, akafuta tena, kama mtu anayetafuta sababu ya kutoingia. Watoto waliacha kukimbia.

Tante akaweka kifuniko chini. "Eh, Mungu wangu. Ni nani alimuita?"

"Mi," Kambo akajibu toka kiti chake, sauti ikafika mpaka jikoni. "Mi njo nilimuita." Akapigapiga kiti kilichokuwa kando yake, kile cha marehemu babu, ambacho kwa miaka miwili hakuna aliyekikalia. "Kuya, mudogo wangu. Kuya uikale."

Mimi sikujua kwamba Kambo ana mdogo. Nadhani nusu ya ukumbi hawakujua.

Mama alinivuta nyuma ya friji akanieleza haraka haraka, kisu bado mkononi. Huyu mdogo ndiye aliyetangulia. Aliletwa angali msichana na familia ya wazungu waliokuwa wanaondoka Lubumbashi, awalelee watoto. Kambo na babu walipotua, yeye ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege, na baridi ile ya kwanza wote walikaa chumbani kwake, chini ya paa la nyumba ya wale wazungu. Baadaye akaishi na mwanaume mwenye mke, akazaa naye. Babu alikuwa mzee wa kanisa. Akasema jina la mwanamke yule lisitajwe tena nyumbani kwake, na halikutajwa.

"Mi nilizaliwa jina yake imeshatoka mu nyumba," mama akasema. "Leo njo mara ya kwanza naona sura yake."

Hapo hapo Tonton akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Nilitegemea hasira. Hakuwa na hasira, alikuwa mpole, na hiyo ilinitisha zaidi. Aliinama mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Mutoto wangu. Tonge ya mbele ni ya mama. Kila mwaka ni ya mama. Unanisikia?"

"Ndiyo, Tonton."

"Nilimuahidi papa, ku kitanda yake ya hospitali. Nyumba yake nitaichunga vile aliiacha. Ukipatia ule mwengine, ni sawa tunasema mbele ya batu bote papa alikuwa mubaya. Papa hakukuwa mubaya."

"Ndiyo, Tonton."

Alinishika bega, akatoka. Nikamgeukia mama. "Nifanye nini?"

"Mi siko mu mambo yao." Akarudi kwenye vitunguu vyake. Halafu, bila kuniangalia: "Mais wewe njo uko na sahani."

Nilimchukia kidogo, dakika ile. Naandika kama ilivyokuwa. Watu wazima watatu, na kila mmoja ameniachia sahani.

Meza zilipangwa kwa herufi U, na wazee wawili wanawake mbele katikati, chini ya picha ya babu yenye maua. Kambo alikuwa amekaa wima. Mdogo wake hakuvua koti. Mfuko wake aliuweka magotini, ameushika kwa mikono miwili kama abiria. Watu walimpita kwenda kumsalimia Kambo, wakamsalimia Kambo tu, wakageuka. Mtoto mmoja mdogo akamuuliza kwa Kifaransa kama yeye ni mke wa babu, mama yake akamburura.

Tonton alichukua mikrofoni. Alieleza kama kila mwaka, sanduku, theluji, chumba cha kwanza, semoule. Anaeleza vizuri Tonton, anajua mahali pa kunyamaza. Kila mwaka niliposikia "chumba cha kwanza" sikujiuliza kilikuwa cha nani. Safari hii nilimwangalia mgeni, na yeye alikuwa anaangalia mfuko wake.

"Na sasa," Tonton akasema, "mutoto wetu."

Nikatoka na sahani. Tonge lilikuwa linatoa mvuke, kipande cha sardini kinateleza pembeni. Kutoka jikoni mpaka kule mbele si mbali, lakini sakafu ya ukumbi ule ni ya mbao na kila hatua ilipiga kelele. Sikuwa nimeamua. Ningependa kukuambia niliamua kishujaa mlangoni. Hapana. Nilitumaini nitafika na mtu atakuwa amenipokea sahani.

Nikafika mbele yao. Nikamwangalia Kambo anisaidie, hata kwa nyusi. Hakunisaidia. Nikamwangalia Tonton, alitikisa kichwa kuelekea kwa mama yake, polepole, kama mtu anayemwonyesha mtoto njia ya kuvuka. Kisha nikaona mikono ya yule bibi kizee. Alikuwa ameuachia mfuko. Aliiweka chini ya meza, akaificha, ili nisije nikafikiri anangoja.

Nikapiga goti mbele yake.

"Mwenye alifika mbele, akule mbele."

Ilitoka kama pumzi tu. Labda yeye peke yake alisikia. Hakuna aliyejibu. Ningeweza bado kusogea nusu hatua upande wa kulia, kwa Kambo, na mambo yangekwisha hapo.

"Hatusikii!" binamu mmoja wa Lille akapayuka toka nyuma, anacheka, hajui kitu. "Sema nguvu!"

Basi nikasema mara ya pili. Sijui sauti ile niliipata wapi. Ilipiga ukuta ikarudi. "Mwenye alifika mbele, akule mbele!"

"Akule," akasema Kambo. Peke yake.

Niliisikia friji ya jikoni.

Mgeni akatoa mkono chini ya meza. Akachukua tonge, akalibonyeza kwa dole gumba kama watu wa kwetu, akatia mdomoni. Akatafuna. Uso ukakunjamana.

"Kumbe munatiaka chumvi?"

Akainamia sahani.

"Na samaki? Juu ya semoule?" Akamgeukia Kambo, akimwita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, nani alibaambia chumvi? Ilikuwa sukari. Sukari na maziwa. Ilikuwa chakula ya batoto ba Madame, mi nilikuwa nabaki na kidogo, nabapandishia kule juu."

Kambo akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa nilichokifunga kikasogea. "Bwana yangu njo alikataa! Alisema mwanaume hawezi kuambia bageni alikulaka bukari ya sukari. Mwaka ya kwanza ya karamu akasema, tia chumvi, tia samaki, ikuwe chakula ya batu bakubwa."

Mtu mmoja huko nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Miaka yote ile tumemeza saruji yenye sardini, kumbe ni haya za babu.

"Ni bubeshi," Tonton akasema kwenye mikrofoni. Yaani uongo. Sauti yake ilikuwa kavu. "Huyu maman anatuchafulia siku. Ni bubeshi."

Yule bibi hakukasirika. Alimwangalia Tonton, mtu wa mvi, miwani, koti la suti, kama anavyoangaliwa mtoto aliyerefuka ghafla. "Wewe," akasema. "Wewe ulikuwa unalambula mwiko mpaka unaniuma kidole. Ulikuwa unaniita Mama wa Juu."

Tonton akavua miwani. Nilikuwa bado nimepiga goti na nilimwona toka chini, kidevu kinacheza. Alishusha mkono wenye mikrofoni lakini hakuizima, na alichokisema alikisema kwa nafsi yake, sote tukakisikia kwenye spika mbili.

"Ilikuwa tamu."

Akaweka mikrofoni mezani. Akachukua koti lake la mvua, akapita katikati ya meza, akatoka. Mke wake akainuka, watoto wake wakainuka mmoja mmoja, vitambaa vya karatasi bado shingoni. Halafu Tante, na kwenye mlango aligeuka akaniambia mimi, siyo Kambo, mimi: "Umefurahi sasa?" Viti vikaburuzwa. Watu wa Liège walitazamana, wakachukua makoti. Bakuli za sombe zilikuwa hazijafunuliwa. Kikanda cha siku mbili kilikuwa pale, kizima.

Mgeni akainuka pia. "Nimebaharibia karamu. Naenda."

Kambo akamkamata mkono wa koti. "Ikala." Akakaa. Sisi tuliobaki tulikula, tukiongea chini chini.

Wewe utaniuliza kama najuta. Sijui. Siku ya Semoule haikufanyika tena. Mwaka uliofuata Tante alisema hakuna mtu wa kutafuta ukumbi, na watu wa Liège wakasema wana ubatizo. Kambo alitutoka majira ya kuchipua, na kitanda chake mama amekifanya mahali pa kupigia pasi. Binamu zangu nawaona kwenye simu tu. Sijasikia tena watu wengi hivyo wakijibu "Akule!" kwa pamoja, wazee na watoto na wakwe wenye lafudhi mbaya, na kile kicheko cha kumeza kitu kibaya pamoja na watu wako. Tulikuwa na hadithi moja iliyotutosha wote. Ilikuwa na mtu mmoja nje yake, amesimama kwenye zulia anafuta viatu, na tuliishi vizuri tu. Naandika haya na bado sijui ningepaswa kufanya nini na sahani ile. Najua nilichofanya.

Mgeni alilala kwetu usiku ule, kitandani kwangu, mimi kwenye kochi. Jumapili asubuhi niliamshwa na harufu ya maziwa. Alikuwa jikoni anakoroga, Kambo amekaa mezani na nguo ya kulalia, wanagombana juu ya sukari, mmoja anasema ongeza, mwingine anasema unataka kumuua mutoto na sukari. Sikuelewa mutoto gani mpaka alipomimina kwenye bakuli lenye kifuniko, akalifunga na taulo, akachomeka kijiko, akasimama nalo hajui ampe nani. Mama alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazini. Hakuna aliyeniangalia, safari hii.

"Nitapeleka mi," nikasema.

Nilipanda basi na bakuli magotini, joto lake linapita kwenye suruali. Tonton anakaa Etterbeek, juu kabisa, hakuna lifti. Alifungua mwenyewe. Alikuwa na shati la jana. Maneno niliyoyapanga ndani ya basi yaliniruka yote, nikanyoosha mikono tu.

Hakunikaribisha ndani. Alifungua taulo, akainua kifuniko, mvuke ukatia ukungu miwani yake, akaiacha hivyo hivyo. Alikula amesimama kizingitini, polepole, mpaka kijiko kikagonga bakuli. Nikasikia mke wake akiuliza toka ndani ni nani.

"Na ukoko?" Tonton akaniuliza.

"Uko kwetu. Ku sufuria. Mama wa Juu amekataza batu kugusa."

Alitupia jicho koti lake la mvua lililotundikwa karibu na mlango. Nami nikageuka, nikaanza kushuka ngazi taratibu, nikiyashika mabomba ya ukuta, nikisikiliza mlango wake. Nilifika chini, kwenye lango la barabarani, na nilikuwa bado sijausikia ukifungwa.